Marehemu Anayetakiwa Kutia Sahihi

Lubumbashi,
Jumapili, tarehe 6 Juni 1993

Mpendwa shemeji Godefroid,

Nakusalimu kwanza, kabla ya maneno mengine yote, na nakuuliza habari za mwili wako. Ile miguu yako iliyokuwa ikivimba ukisimama muda mrefu, inakupa nafuu? Unakula? Umepata paa la kulala chini yake? Tunasikia kwamba huko Mwene-Ditu watu waliotoka kwetu wanalala katika mabehewa mabovu na katika madarasa ya shule, na kila anayetuletea habari hizo ananiharibia siku nzima.

Sisi tungali wazima. Mariam, mdogo wangu na mke wako, ni mzima. Binti yenu Espérance ni mzima na sasa amempita mama yake kwa urefu. Mimi nina shinikizo la damu, na daktari amenikataza kukasirika. Nimemwambia aniandikie dawa nyingine, kwa maana hiyo aliyoitaja haipatikani Lubumbashi.

Barua hii nimeiandika mara tatu, neno kwa neno. Nakala moja anaibeba Muhindo, yule mfanyabiashara wa Kivu mwenye malori, mpaka Kamina, na hapo ataikabidhi kwa mtu wa reli. Ya pili inakwenda na mtawa katika parokia ya Mwene-Ditu. Ya tatu nimempa mama mmoja anayekwenda kumtafuta mwanawe Luputa. Tangu mwezi wa kumi, uliposukumwa ndani ya treni pale Likasi, hatujapata neno lako hata moja. Miezi minane. Ikikufikia nakala moja, nitashukuru. Zikikufikia zote tatu, nivumilie. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema kwamba kunisikia mara moja ni kazi tosha.

Nina jambo la kuungama kwako, shemeji, na halitaeleweka nisipoanza mwanzo.

Unajua jinsi lile lupango lenu, kiwanja pamoja na nyumba, lilivyopatikana. Mariam alilinunua kabla hajakuona wewe, kwa biashara ya samaki wakavu aliokuwa akiwafuata mwenyewe kule Kilwa yetu ya ziwani, siku tatu njiani juu ya magunia. Kitabu cha nyumba kina jina lake peke yake. Nyumba uliijengea ukuta wa nyuma na ukapaka rangi, lakini hujawahi kusema ni yako, na kwa hilo nilikuheshimu tangu siku ile ambayo baba yetu alikataa kuja kwenye harusi yenu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huu alikuja Chadrack. Humjui, ni mmoja wa wale vijana wa chama waliowafukuza ninyi watu wa Kasai, ana miaka kama thelathini, kofia kichwani na kundi nyuma yake. Alisema nyumba ya mtu wa Kasai haina mwenyewe tena. Mariam akamtolea kitabu cha nyumba.

"Mama, kitabu ni kitabu," Chadrack akamwambia. "Miye naangalia kitanda. Nani alikuwa analala mu kitanda?"

Kundi lake likacheka. Wakachukua vyumba viwili vya mbele. Mariam na Espérance walibaki na chumba cha nyuma, karibu na jiko. Mwezi wa pili Chadrack alifungua kilabu cha pombe katika sebule ile ile ambayo Mariam alikuwa akiwafuturisha majirani kila Ramadhani. Anauza lutuku, ile pombe kali, kwa glasi. Wateja wake wanakojoa kwenye ule ukuta ulioujenga.

Nilimwambia mdogo wangu twende mahakamani. Wewe unanijua. Nimefundisha historia miaka ishirini na sita, nimeandika katika kila gazeti lililokubali kunichapa na katika mawili yaliyokataa, na bado nilikuwa na imani ya kitoto kwamba mtu mwenye karatasi halali, akisimama mbele ya hakimu, atasikilizwa. Tulikwenda mwezi wa tatu. Jengo halina vioo tangu uporaji wa mwaka wa tisini na moja. Mahakimu hawajalipwa sijui tangu lini. Karani aliyetupokea anaitwa Symphorien, mtu mpole, mwenye suti moja na adabu za watu wawili. Alisoma malalamiko yetu yote, akatikisa kichwa kwa huruma, halafu akauliza:

"Mama Mariam, bwana yako iko wapi?"

"Alipanda train ku Likasi, mwezi wa kumi. Bale bantu balimufukuza."

"Pole sana. Alikuachia autorisation?"

"Autorisation ya nini?"

"Ya kushitaki. Bibi ya ndoa hawezi kuleta mambo ku tribinali kama bwana yake hajamuruhusu. Njo sheria ya famille. Si miye niliiandika, mama."

Mariam alimwangalia kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. "Baba," akasema, "alikuwa anakimbia na kiatu kimoja. Angeandika na nini?"

Sheria hiyo, shemeji, ni ya mwaka wa themanini na saba. Si ya Wabelgiji. Iliandikwa na watu wetu, ikapigiwa makofi na watu wetu. Mke akifunga ndoa, anahitaji idhini ya mume ili aende mahakamani, auze, au ajifunge kwa mkataba. Nilikuwa nimeisoma. Ndilo linaloniuma. Niliisoma, nikaandika makala mawili dhidi yake, kisha mimi mwenyewe nikawasukuma ninyi wawili mkaandikishe ndoa yenu kwenye ofisi ya komini. Mlitaka kuishi tu kimya kimya mpaka baba apoe. Mimi nikasema hapana, karatasi ya serikali ni kinga ya mwanamke. Nilipiga meza. Kama ningenyamaza siku ile, leo Mariam angekuwa mtu mzima machoni pa hakimu. Mimi niliyeachwa na mume wangu, ninaweza kumshitaki nimtakaye kuanzia kesho asubuhi. Mdogo wangu aliyetunza ndoa yake hawezi kumshitaki hata anayemkojolea ukutani.

Sasa sikiliza lililotokea siku hiyo hiyo, maana hapo ndipo nilipopoteza ile dawa ya daktari.

Tulikuwa tungali pale, tumesimama, kwa sababu ofisi ya karani ina kiti kimoja tu cha wageni na tulikuwa tumeambiwa kiti hicho ni kibovu. Akaingia Madame Simone. Unamkumbuka, yule Mbelgiji mwenye duka la mikate, aliyezaliwa hapa hapa na kuongea Kiswahili chetu kuliko mapadri. Mume wake alirudi Ulaya baada ya uporaji, yeye akabaki. Alikuja kumshitaki mtu aliyechukua gari lake la unga. Symphorien akainuka. Akatoa kitambaa mfukoni, akafuta kile kiti kibovu, na kiti kikapona palepale. Madame akaketi. Karani akaandika jina, akaandika gari, akagonga mhuri.

Nikauliza kwa sauti ambayo hata waliokuwa uani waliisikia: "Na huyu, bwana yake ameandika?"

Symphorien akashusha macho. "Madame ni mu-Belge, mama. Yeye banamufwata na sheria ya kwabo. Kwabo bibi anashitaki yeye peke yake."

"Na sisi?"

"Ninyi, na sheria ya hapa."

Madame Simone akageuka. "Adija, bwana yangu?" akaniambia. "Hata barua ya Noëli hajaniandikia." Kisha akafahamu kilichokuwa kikiendelea. Akasimama, akamvuta Mariam mkono aketi badala yake. Symphorien akaingiwa na hofu: "Hapana, Madame, tafazali, ile kiti itavunjika!" Mwisho kiti kikabaki kitupu, na wanawake watatu wamesimama wakikizunguka.

Sina ugomvi na Simone. Gari lake alilipata baada ya wiki mbili, na tangu siku hiyo anamletea Espérance mkate. Ugomvi wangu ni na mahakama yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka wa uhuru. Nilikua nikiona mlango wa wazungu na mlango wetu, hakimu wa wazungu na hakimu wetu, na nilidhani tumeichoma milango yote miwili. Kumbe tuliibadilisha rangi tu. Mwanamke mweupe anaingia katika mahakama ya Zaire akiwa mtu mzima, kwa sababu amebeba sheria ya kwao mkobani. Mwanamke mweusi anaingia katika mahakama hiyo hiyo, katika mji aliozaliwa, akiwa mtoto anayeulizwa kama ameaga nyumbani. Na Chadrack? Chadrack aliitwa kutoa maelezo wiki iliyofuata. Hakuna aliyemwuliza karatasi yoyote. Hata ile ya kumiliki vyumba viwili.

Nikupe na hili, ucheke kidogo kama huko kuna nafasi ya kucheka. Mahakama haina karatasi mpya. Wanaandika nyuma ya mafaili ya zamani, ya wakati wa ukoloni, waliyoyatoa ghalani. Wito wa kumtaka Mariam alete idhini ulipofika nyumbani niliugeuza. Nyuma yake palikuwa na hukumu ya mwaka wa hamsini na tatu: mwanamke mmoja wa mtaa wetu ametozwa faini kwa kutolipa kodi ya wanawake "wanaoishi, kinadharia, peke yao." Hivyo ndivyo Wabelgiji walivyomwita mwanamke asiye na mume: mtu aliye peke yake kinadharia. Nilikaa na karatasi ile saa nzima, naigeuza huku na huku. Upande mmoja, mwanamke anaadhibiwa kwa kukosa mume. Upande wa pili, dada yangu hasikilizwi kwa sababu anaye. Anaye, kinadharia.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Symphorien alitufuata nje siku ile. Aliangalia kushoto na kulia, akaniambia mimi, si Mariam, maana Mariam alikuwa ametangulia: "Mama, mujane hana shida. Mujane ni mutu muzima. Mulete bashahidi babili ku komini, bapate attestation ya kifo, na dosye itatembea."

Nilimtukana. Namwomba radhi sasa, kwa sababu hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akituonyesha tundu pekee lililopo katika ukuta. Nilimwuliza ni nchi gani hii ambayo mwanamke anatakiwa kumwua mume wake ili apewe nafasi ya kusema. Akajibu: "Ni hii, mama."

Nilikataa mpaka mwezi wa nne ukaisha. Lakini mwezi wa tano wateja wa Chadrack walivunja mlango wa chumba cha nyuma wakati Mariam yuko sokoni na Espérance yumo ndani. Jirani mmoja alipiga kelele wakaondoka. Hawakumgusa, nakuapia. Kuanzia hapo binti yako analala kwangu. Na siku mbili baadaye, mimi na kaka yetu Mahamudu tulikwenda komini.

Mbona sikungoja? Nitakwambia ukweli wote. Kulikuwa na habari mbili juu yako. Mtu mmoja alisema amekuona Mwene-Ditu ukiuza betri. Mwingine alisema mtu mrefu mwenye kofia ya reli kama ile yako alizikwa kando ya njia karibu na Luputa, wakati treni imesimama siku nne bila maji. Ile ya kwanza niliipenda. Ile ya pili niliiamini. Karani wa komini aliuliza ulikufa kwa nini. Mahamudu alinigeukia mimi. Mimi nikasema: homa. Nilichagua homa kwa sababu haina kelele. Nikatia sahihi. Mimi, Adija, niliyewaita wabunge waongo kwa majina yao gazetini, nilikuandika umekufa, kwa kalamu yangu mwenyewe.

Tulikuwa tumekubaliana tutamweleza Mariam jioni. Hatukuwahi. Umesahau mtaa wetu ulivyo? Karani ana mke, mke ana dada, na kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika kila jiko. Mariam aliporudi kutoka soko la mtaa wa Kenya na beseni la samaki kichwani, aliwakuta wanawake kumi na saba wameketi uani kwake juu ya mikeka, wamevua viatu, wanalia. Wameleta unga, wameleta sukari. Hata lutuku ya Chadrack ilikuwa imesimama kwa heshima.

"Nani alikufa?" Mariam akauliza.

Wakazidi kulia, wakidhani uchungu umempotezea akili. Mmoja akamshika: "Kaa chini, mama, kaa chini, Mungu ndiye anatoa."

Nilifika mbio, nimechelewa. Aliniona, akanisoma usoni, akashusha beseni polepole kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala.

"Yaya," akaniambia, kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa. "Mulimuua sababu ya lupango?"

Hakupiga kelele. Aliwasha moto, akasonga ule unga waliouleta, akakaanga samaki wake wa kuuza, akawalisha wote kumi na saba. Kisha akasimama mbele yao akasema: "Kuleni bamama, aksanti ya kuja. Mukimaliza mubebe mikeka yenu. Hapa hapana kilio." Bibi Émerance, yule jirani mzee, akamwuliza kama angalau atakaa eda, miezi minne na siku kumi, kwa usalama. Mariam akajibu: "Eda ya nani?"

Nilimwambia basi nitaiondoa ile hati. Lakini Symphorien alikuwa ameshaiweka kwenye faili, kwa furaha, akidhani ametusaidia, na kesi ikapangwa tarehe ishirini na nne ya mwezi wa tano.

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Hakimu ni kijana, amesoma hapa chuoni Kasapa, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Akasoma: "Mariam, mjane wa Godefroid." Mariam akasimama.

"Monsieur le Président, miye siko mujane."

Symphorien akakohoa mpaka akainama chini ya meza.

"Mama, attestation ya kifo iko hapa," hakimu akasema.

"Hiyo karatasi ni ya yaya yangu. Bwana ni wangu."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza. "Una barua ya bwana yako?"

"Sina."

"Kuna mutu alimuona?"

"Banasema banamuona, banasema banamuzika. Miye sikuona."

"Sasa unajua namna gani kama iko muzima?"

Nilidhani amekwisha. Nilikuwa nyuma yake, na nilimwona akishika ukingo wa ile meza. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa: "Sijui, Monsieur le Président. Lakini hakuna mutu alinionyesha kaburi. Na siwezi kumuzika sababu tu tribinali inataka kunisikia. Munisikie hivi, na bwana wangu muzima, ao muache."

Chadrack alikuwa ameegemea dirisha lisilo na kioo. "Basi akuje!" akasema kwa kelele. "Train ileile inarudiaka, mama. Inarudia butupu!"

"Atakuja," Mariam akamjibu bila kugeuka. "Na weye njo utamufungulia mulango."

Mimi nilisimama bila kuitwa. Nilimkumbusha hakimu kwamba sheria yenyewe, mbaya kama ilivyo, inamruhusu yeye kutoa idhini pale mume asipoweza kuitoa. Alinisikiliza. Ni lazima niseme kwamba alinisikiliza. Akajibu kwamba ili afanye hivyo, kwanza ithibitishwe rasmi kuwa hujulikani uliko. Uchunguzi huo ni wa miezi mingi, na faili lake lina hati inayosema kila mtu anajua uliko, yaani kaburini. Nani aliiweka hati hiyo? Mimi. Kwa kuharakisha nilikuwa nimeziba tundu la halali kwa tundu la uongo.

Akaahirisha mpaka Jumatatu tarehe 19 Julai. Tarehe hiyo Mariam alete idhini yako iliyoandikwa, la sivyo kesi inafutwa na Chadrack anabaki. Nje, akipita karibu yangu, hakimu alininong'oneza: "Mama, hata akishinda, polisi gani watamutoa ule kijana sababu ya bibi ya mu-Kasai?" Nikamwambia atoe hukumu kwanza, polisi nitawaandika gazetini. Alitabasamu kwa uchovu, akaenda zake kwa miguu.

Kesho yake nilikwenda komini kukufufua. Nilisema wazi: nilidanganya, nifungeni, lakini futeni jina la mtu huyu. Karani alinieleza kwa upole wote wa dunia kwamba marehemu hafutwi kwa mdomo. Inahitajika hukumu. Hukumu inaombwa na mhusika wa karibu zaidi, yaani mke. Na mke, akiwa na ndoa, anahitaji idhini ya mume ili aombe. "Lakini mume mmemwandika marehemu," nikasema. "Njo ile shida," akajibu. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akanipa maji.

Kwa hiyo, shemeji, ndani ya bahasha hii utakuta karatasi nyingine. Ni idhini. Inasema kwamba wewe, Godefroid, mume wa Mariam, unamruhusu mke wako kufika mbele ya mahakama kuhusu nyumba yake. Nyumba yake! Nimeiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri wa shuleni. Nimepigana na karatasi hii tangu mwaka wa themanini na saba, na sasa natuma watu watatu kuizungusha nchi nzima nikiomba mwanaume aitie sahihi. Nachukia kuiomba. Ningependa kuichana. Naiomba.

Itie sahihi mbele ya padri au mbele ya chifu wa mtaa, mtu yeyote mwenye mhuri, na tarehe ionekane vizuri. Iwe ni baada ya tarehe kumi na tatu Mei, siku niliyokuandika. Nataka hakimu aone kwa macho yake marehemu anayeandika. Wakitaka kunishitaki kwa ushahidi wa uongo, nipo. Kwa kesi hiyo angalau sihitaji ruhusa ya mtu.

Kama umepata mwanamke mwingine huko, sitakuuliza. Kama unaona aibu kwa sababu umekonda, au huna viatu, au unauza betri kandokando ya reli wewe uliyekuwa na ofisi, hiyo si aibu yako. Kama una hasira nami, ihifadhi, uje nayo, nitaipokea mlangoni. Lakini andika.

Mariam hajui kama uko hai. Ninataka ulielewe jambo hili kabla hujakunja barua. Alikuwa na njia rahisi mkononi, nimempa mimi mwenyewe, ina mhuri. Angenyamaza dakika moja tu, nyumba ingerudi. Alisimama mbele ya ukumbi mzima wa watu wanaocheka akasema una uhai, na hakuwa na kitu chochote cha kuonyesha. Tarehe 19 Julai ataitwa tena, ataulizwa tena, na namjua, atajibu vilevile. Usimfanye awe mwongo.

Mahamudu anakusalimu, tangu komini hawezi kusimama kuswali bila kulia, na nadhani nusu ni kwa ajili yako. Bibi Émerance anakusalimu na anasema sukari yake ya kilio hajaidai. Madame Simone anakusalimu. Espérance amefaulu mtihani wa mwaka wa tatu, wa kwanza katika hisabati, na anauliza kama huko Mwene-Ditu kuna shule, ingawa nimemkataza kuuliza. Uwasalimu nawe wote wa kwetu uliosafiri nao, walio hai kwa majina yao, na wale wengine ukipita walipolala.

Mariam hakutuma salamu. Nilimwuliza mara mbili. Amesema salamu ni zake na atakupa yeye mwenyewe.

Mwenyezi Mungu, yule unayemwita wewe na yule ninayemwita mimi, maana naamini anatusikia bila kuuliza nani katuruhusu, akulinde na njaa, na homa, na watu, akuonyeshe njia ya kurudi.

Wako akupendaye, japo alikuandika marehemu,

Shemeji yako,
Adija